Kumtafuta Kawawa wa Sinema

Ndugu Mhariri aliponiandikia kunitaka nijaze ukurasa wa historia katika toleo hili la mkutano wetu, aliniomba niandike habari za dhahabu. Nimekwisha kuandika habari za dhahabu mara mbili humu, na yamkini wasomaji wamezichoka. Safari hii nataka kuandika habari za sinema, na za ubishi mmoja ulioanzia bwenini kwetu mwaka 1982, nilipokuwa kidato cha pili. Baadhi yenu mlikuwapo. Mlicheka sana.

Ilikuwa hivi. Mwaka ule Mzee Rashidi Mfaume Kawawa alikuwa ndio ameshika kazi ya Katibu Mkuu wa Chama, na picha yake ilikuwa katika gazeti lililokuwa likipita kitanda hadi kitanda. Mimi, kwa kutaka kujionyesha, nikasema: "Baba mkubwa wangu alimwona huyu katika sinema. Alikuwa akichekesha watu." Kimya kidogo, kisha bweni zima likaangua kicheko. Mmoja akaniuliza sinema hiyo inaitwaje. Nikajibu kama nilivyoambiwa nyumbani: sinema ya muhogo. Basi, ndugu zangu, tangu siku ile mpaka tulipomaliza kidato cha nne jina langu likawa Muhogo, na wapo wazee wazima humu ambao hata leo wakinikuta stendi ya Geita hawaniiti kwa jina jingine.

Jina halikuniumiza. Lililoniumiza nililifanya mwenyewe. Likizo ilipofika nilirudi Rwamgasa, nikamkuta baba mkubwa ameketi chini ya mwembe anasuka kamba, nikamwambia mbele ya watu kwamba hadithi yake ya sinema imenitia aibu shuleni na kwamba asiwadanganye watoto. Hakunijibu. Alimaliza kamba yake. Aliishi miaka mingine kumi na tisa na hakunisimulia tena jambo lolote la ujana wake. Alifariki mwaka 2001.

Sasa niwaeleze yaliyokuwapo kweli, maana nimeyafuatilia kwa miaka mingi, kwanza kwa uvivu na baadaye kwa bidii.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliamua kuwatengenezea Waafrika sinema za Kiswahili, zenye waigizaji Waafrika, ili watazamaji wafurahi na papo hapo wafundishwe. Kazi ikapewa kampuni ya Johannesburg iliyoitwa African Film Productions. Angalieni ajabu hiyo: kampuni ya Afrika Kusini, nchi ambayo tangu mwaka 1948 ilikuwa chini ya serikali ya ubaguzi, ndiyo iliyokuja na kamera kumpiga picha kijana wa Kitanganyika. Kijana aliyepewa nafasi ya mbele alikuwa mfanyakazi wa idara ya ustawi wa jamii, aliyesoma Shule ya Serikali ya Tabora. Jina lake Rashidi Kawawa. Alionekana katika Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, na katika nyingine za miaka hiyohiyo: Chalo Amerudi, Meli Inakwenda na Wageni Wema.

Muhogo Mchungu. Nilipoyaona maneno hayo mawili kwa mara ya kwanza nilikuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2010, na mbele yangu kulikuwa na makala ya mwanahistoria Rosaleen Smyth juu ya filamu za Tanzania, iliyochapishwa mwaka 1989. Nilikuwa mwalimu mtu mzima mwenye miwani. Nilifunga kitabu nikatoka nje, nikasimama chini ya mti kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Nilifikaje huko? Mzee Kawawa alifariki Disemba 31, mwaka 2009. Siku zile za maombolezo redio zilijaa sifa za Simba wa Vita, na katika mazungumzo ya wazee fulani nikasikia mmoja akitaja, kwa kupita tu, kwamba marehemu aliwahi kuigiza ujanani. Mwenzake alicheka kidogo, wakaendelea na habari za Chama. Mimi sikuweza kuendelea. Nilikuwa katika daladala natoka Mwanza, na nilitamani dereva asimamishe gari.

Tangu hapo nikawa natafuta. Niliuliza katika ofisi moja mjini ambako kijana alinisikiliza kwa adabu kisha akaniuliza kama nina kiungo cha mtandaoni. Niliwauliza waliokuwa wafanyakazi wa zamani wa idara ya habari. Mmoja wao, aliyekuwa akiendesha gari la sinema katika Mkoa wa Mwanza baada ya Uhuru, alinifundisha kazi yenyewe ilivyokuwa, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu wanafunzi wa leo hawaijui.

Gari la sinema lilikuja na jenereta, mashine ya kuonyeshea, kipaza sauti na kitambaa cheupe. Lilipoingia kijijini mchana lilizunguka likitangaza. Jioni kitambaa kilifungwa kati ya miti miwili, au kando ya gari lenyewe, na watu walikaa pande zote mbili. Waliokaa nyuma waliona maandishi kinyumenyume lakini hawakujali. Filamu zilikuwa za upana wa milimita 16. Utepe ulipokatika, na ulikatika mara nyingi, mtu wa gari aliuunga watu wakiwa wanaimba. Tena alikuwapo mkalimani mwenye kipaza sauti, ambaye aghalabu ndiye aliyekuwa mchezo wenyewe. Mzungu kwenye picha akisema maneno kumi, mkalimani alisema hamsini, kwa Kisukuma, na akiongeza majina ya watu wa kijiji hicho ili watu wacheke. Nilipomsikiliza mzee huyu nikakumbuka mabanda ya video ya Rwamgasa wakati wa vurugu za dhahabu, pale kanda za kigeni zilipoletwa zikiwa na sauti ya mtu wetu juu yake, akieleza kila ngumi kwa Kiswahili. Tulidhani ni uvumbuzi wa mjini. Kumbe babu zetu walikwisha kuutazama.

Wakubwa wa sinema za kikoloni hawakuwa na imani na watazamaji hao. Kitengo cha Filamu za Makoloni kilichoundwa London mwaka 1939 kiliongozwa na William Sellers, aliyeanza kazi hiyo Nigeria, na fundisho lake lilikuwa kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Kwa hiyo picha ziende polepole, bila mbinu, jambo moja moja. Huko kunasimuliwa kisa cha watu walioonyeshwa mbu mkubwa aliyejaza kitambaa chote, wakasema kwao hakuna mbu wa ukubwa ule, basi hawana haja ya kuogopa. Wataalamu walikichukua kisa hicho kuwa ushahidi wa ujinga. Mimi, niliyefundisha miaka thelathini, nakichukua kuwa mzaha wa watu wa nyuma ya darasa. Kila shule ina watu wa namna hiyo. Kwetu walikuwa kitanda cha tatu.

Wala jambo hili halikuanzia na Kawawa. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na jaribio lililokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, likiendeshwa na Meja Notcutt na Bwana Latham kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu fupi 35, wakawatumia watu wa hapahapa kuigiza, na sauti wakaiweka katika sahani za santuri zilizopigwa pamoja na picha, ili filamu moja iweze kusema lugha mbalimbali. Walizichukua kwa lori hadi Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Katika hizo 35, tatu zimehifadhiwa katika hazina ya filamu ya Uingereza: ya safura, ya mafunzo ya matabibu wa mifugo, na ya mashamba ya wakulima wa Kingolwira karibu na Morogoro. Majina ya waigizaji wengi wa Vugiri hayajulikani popote. Walicheza, wakalipwa, wakarudi kulima.

Hiyo ya Kingolwira ndiyo iliyonikalia moyoni. Ni ya mwaka 1936, na inasifu mpango wa kuwaweka wakulima wa Kiafrika katika mashamba ya mfano chini ya uangalizi wa serikali. Mtu wa Rwamgasa hawezi kuitazama kwa utulivu.

Baba mkubwa alizaliwa Kwimba. Alikuwa mmoja wa Wasukuma wengi waliohamia Geita baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947. Kwimba na Maswa zilikuwa zimejaa watu na ng'ombe, na serikali ilitaka watu wavuke waje huku kwenye mapori. Pamoja na mpango huo zikaja amri: lima matuta ya kufunga maji, punguza ng'ombe, panda hiki kwa kipimo hiki, na asiyetii alipe faini. Yeye alifanya kazi kwa muda katika mgodi wa Geita, ule wa wakoloni uliofungwa mwaka 1966, na huko mgodini ndiko alikodai kumwona Kawawa kwenye kitambaa, "kabla ya TANU." TANU ilizaliwa Julai 7, mwaka 1954, na kabla mwaka huohuo haujaisha ilikuwa imepigwa marufuku Usukuma mpaka mwaka 1958. Filamu ni ya mwaka 1952. Hesabu inakubali. Mimi ni mwalimu wa historia na nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili.

Alivyosimulia, kabla sijamfunga mdomo, ni kwamba palikuwa na kijana wa shamba aliyefika mjini, kila mtu anamcheka, na watu wa mgodini walicheka mpaka wakashika mbavu kwa sababu nao walikuwa watu wa shamba waliofika kwenye umeme juzi. Tena jina lenyewe la picha liliwachekesha. Sisi kwetu muhogo mchungu si msiba. Unaulowesha, unauanika, unautwanga, unakula udaga wako. Mchungu ndio unaokaa shambani usiibiwe na nguruwe. Kama serikali ilitaka kufundisha jambo kwa jina hilo, ilichagua mmea ambao Msukuma alikwisha kujua dawa yake.

Yule kijana naye hakukaa katika nafasi aliyopangiwa. Mwaka 1953 alipelekwa Urambo kufanya kazi katika kambi ya Wakikuyu waliowekwa kizuizini kwa sababu ya Mau Mau. Alikuwa kiongozi wa chama cha watumishi wa serikali Waafrika, na mwaka 1955 lilipoundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, TFL, akawa Katibu Mkuu wake. Huyo aliyewachekesha watu kwa niaba ya serikali sasa akawa anawaongoza makuli na watumishi wa nyumbani kuigomea. Mwaka 1958, watu wa Geita walipoandamana hadi Mwanza kulikataa baraza la mseto, baba mkubwa alikuwa miongoni mwao, na aliyekuwa akitajwa barabarani pamoja na Mwalimu na Bomani alikuwa mtu wa sinema ya muhogo. Januari 22, mwaka 1962, Mwalimu alipojiuzulu ili akajenge Chama, Kawawa akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Miaka kumi tu tangu Muhogo Mchungu. Mwaka uliofuata Kamati ya Ukombozi ya Afrika iliweka makao yake Dar es Salaam, kuwapinga walewale wakubwa wa Afrika Kusini ambako kamera yake ilitoka.

Baadhi ya wanahistoria wetu hulipita jambo la sinema kwa haraka, kana kwamba ni doa. Sikubaliani nao. Mtu aliyesimama mbele ya kamera akiwa na miaka ishirini na kitu, akijifunza namna ya kusema Kiswahili ambacho Mhaya, Mngoni na Mzaramo wote watakielewa kitambaani, alikuwa akijifunza kazi ya mkutano wa hadhara. Ukumbi wa TFL ulimpata akiwa amekwisha kuiva.

Lakini pia sitaki kumpamba. Mwaka 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa amri, na mwaka 1974 Operesheni ikafika kwetu. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Kawawa, tangu mwaka 1972, na utawala wa mikoa ulikuwa chini ya ofisi yake. Baba mkubwa alikuwa na nyumba ya tofali mbichi, miembe sita na muhogo uliokuwa bado haujafika wa kung'olewa. Alipewa siku chache. Nilikuwa mtoto mdogo nimeketi juu ya magunia katika lori, nikaona paa letu likishushwa. Kiwanja kipya kilikuwa katika mstari, namba imeandikwa kwenye kigingi. Nilipoitazama ile filamu ya Kingolwira ya mwaka 1936 niliona nini, ndugu wasomaji? Niliona kwamba wazo la kumpanga mkulima katika mstari tulilikuta.

Usiku ule wa kwanza katika kiwanja kipya ndipo baba mkubwa aliponisimulia sinema ya muhogo kwa mara ya kwanza. Sikuelewa kwa nini usiku ule. Alikuwa akicheka peke yake, akasema, "Yule kijana alipotea njia mjini, sasa ametupoteza sisi." Kisha akasema kwa haraka kwamba yule ni mtu mwema, asije mtu akasikia. Maneno hayo sikuyasema bwenini mwaka 1982. Nilisema tu kwamba alikuwa akichekesha.

Muhogo Mchungu yenyewe sijaiona. Nilichokiona ni Kawawa wa picha za habari. Mwaka 2014 kampuni ya British Pathé iliweka mtandaoni filamu zake za habari zipatazo 85,000, na usiku mwingi nimekaa na simu ya mwanangu nikipitia zile za Afrika Mashariki. Katika picha za Uhuru na za ziara za viongozi wa miaka ya 1960 macho hukimbilia kwa Mwalimu. Mimi nimejizoeza kutazama pembeni. Anayetafuta mwigizaji katika filamu isiyo yake hana budi kutazama pembeni, kwa watu wanaopita na wanaosubiri.

Mwaka juzi, likizo ya Disemba, nilikodi banda la video pale Rwamgasa kwa jioni moja. Mwenye banda alitaka kujua kama ni filamu ya mapigano, nikamwambia ni ya historia, akapunguza bei kwa huruma. Niliwaalika wanafunzi wa sekondari na wazee. Makarasha yalikuwa yakisaga mawe upande wa pili wa barabara, kwa hiyo kusikia kulikuwa kwa shida, lakini nilikuwa na kipaza sauti, nikafanya kazi ya mkalimani. Vijana walikaa mbele. Walipoona picha hazina rangi walinung'unika. Walipomwona Mwalimu walinyamaza.

Mama mkubwa, mjane wa baba mkubwa, aliletwa kwa pikipiki. Macho yake yamepungua sana. Nilimwamkia, "Mwangaluka, mama," akaniuliza mbona nasalimu kwa asubuhi ilhali jua limetua, watu wakacheka, nikajua akili yake haijapungua. Nilimketisha karibu kabisa na ukuta. Nilisimamisha picha mahali Kawawa alipoonekana, kijana bado, amevaa suti, nikamwuliza kwa kipaza sauti mbele ya wote: "Mama, huyu unamjua?"

Alisogea mpaka kivuli chake kikaufunika nusu ya ukuta. Akatazama muda mrefu. Kisha akasema kwamba uso hauoni vizuri, ila kama ni yule wa muhogo, basi mwaka ule yeye alikuwa msichana na hakutazama sana, kwa sababu baba mkubwa alikuwa amesimama upande wa pili wa kitambaa, na taa ya mashine ilikuwa ikimmulika yeye.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono, akauliza kama tunaweza kurudisha nyuma kidogo, hajaona vizuri. Nikarudisha.